Neno Refu Mwisho wa Mstari: Silabi, Mkazo na Tahajia ya Kiholanzi katika Kongo ya Wabelgiji

Katika familia yetu kuna hadithi inayosimuliwa kila mara wajomba wanapokutana: kwamba babu yangu alishindwa na kistari. Wasimulizi hucheka, na babu mwenyewe hucheka pamoja nao, ila yeye huwa wa kwanza kunyamaza. Mwaka 1957, akiwa kijana wa miaka 18, alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kimoja cha chapa mjini Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Kabla mwaka haujaisha aliondolewa kwenye meza ya herufi akapelekwa kukata na kufunga karatasi, kazi yenye mshahara mdogo zaidi. Sababu aliyoambiwa ilikuwa fupi: hajui kukata maneno.

Maneno hayo yalikuwa ya Kiholanzi, lugha ambayo babu hakufundishwa hata siku moja. Kwa zaidi ya miaka 60 ameamini kwamba kosa lilikuwa la kichwa chake. Nilipopewa nafasi ya kuchagua mada ya insha ya historia ya lugha, nilimwomba anionyeshe karatasi mbili za kusahihishia anazozihifadhi katika kopo la biskuti. Ya kwanza ina tarehe ya Machi 1957, ya pili Septemba mwaka huohuo. Zote zina alama za wino mwekundu za msahihishaji.

Katika insha hii ninauliza swali moja: je, mtu aliyekuwa mahali pa babu angeweza kukata maneno yale vizuri? Ili kulijibu, kwanza nitaeleza kwa nini Kiholanzi kilikuwa kinachapwa Katanga. Pili, nitaeleza namna lugha hiyo inavyogawa silabi na kuweka mkazo katika maneno ambatani. Tatu, nitazisoma karatasi za babu kwa kutumia kanuni hizo. Mwisho, nitaonyesha kwamba tahajia yenyewe ya Kiholanzi ilikuwa inabadilika wakati uleule babu alipotakiwa kuijua.

Lugha mbili kwenye karatasi moja

Ubelgiji ilipopata uhuru mwaka 1830, Kifaransa ndicho kilikuwa lugha ya serikali, mahakama na matajiri, ingawa sehemu kubwa ya wananchi wa kaskazini, yaani Flandria, walizungumza Kiholanzi. Watu wa Flandria walipigania lugha yao kwa miongo mingi. Ushindi mmoja mkubwa ulikuja mwaka 1898, ilipopitishwa sheria iliyoyapa maandishi ya Kiholanzi ya sheria za nchi nguvu sawa na yale ya Kifaransa.

Miaka 10 baadaye Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme Leopold II. Sheria ya tarehe 18 Oktoba 1908, iliyoweka misingi ya kuitawala koloni, ilisema katika kifungu chake cha 3 kwamba amri na kanuni za jumla ziandikwe na kutangazwa kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Hivyo ugomvi wa lugha uliozaliwa Ulaya ukasafiri kwa meli hadi kwetu. Stempu za posta zikaandikwa kwa lugha zote mbili, na noti za fedha za miaka ya 1950 vilevile. Miji ikapata majina mawili: Léopoldville ikawa pia Leopoldstad, Stanleyville ikawa Stanleystad, Albertville ikawa Albertstad, na mji wetu Elisabethville ukaitwa pia Elisabethstad. Neno «stad» maana yake ni mji, nalo huunganishwa na jina bila kuacha nafasi.

Hata hivyo, usawa huo ulikuwa wa karatasi zaidi kuliko wa midomo. Katika ofisi na shule za mijini Kifaransa kilitawala. Katika migodi ya Katanga wafanyakazi na wasimamizi walielewana kwa Kiswahili. Mwafrika wa kawaida hakuwa na mahali pa kukisikia Kiholanzi isipokuwa pale wamisionari wa Flandria walipozungumza wao kwa wao. Jambo hili ni la msingi kwa insha yangu: palikuwa na watu waliotakiwa kukichapa Kiholanzi bila kuwa na nafasi ya kukisikia.

Babu anasema kazi nyingi za lugha mbili zilikuwa fomu na matangazo. Ukurasa uligawanywa safu mbili, Kifaransa kushoto, Kiholanzi kulia. Mpanga herufi alishika kichuma cha kupangia, akaingiza herufi za risasi moja baada ya nyingine, zikiwa zimepinduliwa kichwa chini. Mstari ulipokaribia kujaa na neno lililofuata halitoshi, alikuwa na njia mbili tu. Ama atanue nafasi kati ya maneno, ama alikate neno na kuweka kistari. Safu ikiwa nyembamba na maneno yakiwa marefu, kutanua hakusaidii, kwa sababu mstari unabaki na mashimo kama mdomo uliong'olewa meno. Ni lazima kukata. Na Kiholanzi ni lugha ya maneno marefu.

Jinsi Kiholanzi kinavyokata maneno

Urefu huo unatokana na kanuni moja: maneno yanayounganishwa kutaja kitu kimoja huandikwa pamoja. Sisi pia tuna maneno ambatani, kama vile mwanafunzi, mpigapicha na kiinuamgongo, lakini mara nyingi tunapendelea kutumia kihusishi «a» unganifu: mkataba wa kazi, bima ya afya. Kiholanzi hakihitaji kiunganishi hicho. Mkataba wa kazi ni «arbeidsovereenkomst», neno moja lenye herufi 19. Bima ya kutoweza kufanya kazi ni «arbeidsongeschiktheidsverzekering», herufi 33 na silabi 10. Vitabu vya lugha hiyo hupenda kutaja mfano wa mzaha wenye herufi 49 na silabi 15, «kindercarnavalsoptochtvoorbereidingswerkzaamheden», maana yake shughuli za kutayarisha maandamano ya kanivali ya watoto.

Kanuni za kukata maneno hayo zinaweza kufupishwa hivi.

Kanuni ya kwanza: konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata. «Water», maji, hukatwa wa-ter. Hapa Kiholanzi na Kiswahili vinakubaliana, kwa kuwa nasi tunasema ma-ji na ka-zi.

Kanuni ya pili: konsonanti mbili kati ya irabu hutenganishwa, moja hubaki na nyingine huenda. «Landen», nchi, hukatwa lan-den, na «kinderen», watoto, hukatwa kin-de-ren.

Kanuni ya tatu: konsonanti zikiwa tatu au zaidi, zinazokwenda mbele ni zile tu zinazoweza kuanzisha neno la Kiholanzi. «Venster», dirisha, hukatwa ven-ster, kwa kuwa «st» huanza maneno mengi. Lakini «ambtelijk», yaani -a kiserikali, hukatwa amb-te-lijk, kwa kuwa hakuna neno la Kiholanzi linaloanza na «mbt» wala «bt».

Kanuni ya nne ndiyo kubwa, nayo huzishinda zote zilizotangulia: neno ambatani hukatwa kwanza pale sehemu zake zilipoungana. «Arbeidsovereenkomst» ina «arbeid», kazi, na «overeenkomst», mkataba, na katikati yake kuna «s» ya kuunganishia. Hiyo «s» ni mali ya sehemu ya kwanza. Kwa hiyo neno hukatwa arbeids-overeenkomst, hata kama kanuni ya pili peke yake ingetaka «d» na «s» zitengane.

Msomaji ataona tofauti iliyopo. Kanuni tatu za mwanzo zinaweza kufuatwa na mtu anayetazama herufi tu. Kanuni ya nne haiwezekani bila kujua maana. Mfano mzuri ni neno «valkuil». Likikatwa val-kuil ni shimo la mtego. Likikatwa valk-uil linakuwa mchanganyiko wa kipanga na bundi. Vilevile «dijkramp» ikiwa dijk-ramp ni maafa ya ukuta wa kuzuia maji, na ikiwa dij-kramp ni mkakamao wa misuli ya paja. Herufi ni zilezile. Kinachotofautisha kimo kichwani mwa msomaji.

Mkazo ndio unaoonyesha mshono

Sasa tujiulize: Mholanzi mwenyewe huujuaje mshono wa neno refu? Hafanyi hesabu. Anasikia mkazo.

Katika Kiswahili mkazo karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefuka, mkazo husogea: PIga, piGAna, pigaNIsha. Hata katika neno ambatani mwendo ni uleule, kwani tunasema mwanaFUnzi, si mwaNAfunzi. Ni kana kwamba mkazo wetu ni mlinzi wa mlango wa nyuma, hajali nyumba ina vyumba vingapi.

Mkazo wa Kiholanzi hukaa mahali pengine. Katika nomino ambatani, mkazo mkuu kwa kawaida hubaki kwenye sehemu ya kwanza, na sehemu inayofuata hupata mkazo mdogo zaidi pale ambapo ingekuwa nao kama ingesimama peke yake. Hivyo mzungumzaji husema ARbeids kwa nguvu, kisha hupandisha sauti kidogo tena anapoanza overeenkomst. Huko kupanda mara ya pili humwambia msikilizaji kwamba chumba kingine kimefunguliwa. Zipo tofauti, kwa mfano «stadhuis», jumba la halmashauri ya mji, hupata mkazo kwenye sehemu ya pili. Lakini mazoea ya jumla ni hayo, na mtoto aliyezaliwa Gent au Amsterdam huyapata kabla hajajua kusoma.

Neno «massagebed» laonyesha uhusiano wa mambo haya mawili waziwazi. Ukitamka MASsagebed, umesema massa-gebed, sala ya umati. Ukitamka masSAgebed, umesema massage-bed, kitanda cha kukandia mwili. Mkazo na mshono huhama pamoja. Katika vitenzi mkazo hufanya kazi kubwa zaidi: «voorkomen» yenye mkazo mwanzoni ni kutokea, na yenye mkazo kwenye «ko» ni kuzuia. Ile ya kwanza hutengana katika sentensi, sehemu yake moja ikaenda mwisho. Ya pili haitengani kamwe.

Jambo hili si geni kwetu kabisa. Wanafunzi wote wa fonolojia ya Kiswahili wamepewa mfano wa barabara: baraBAra ni njia, baRAbara ni sawasawa. Nasi hatuandiki mkazo huo, tunategemea kwamba msomaji anajua. Kiholanzi nacho kwa kawaida hakiuandiki. Waholanzi huweza kuweka alama juu ya irabu pale tu wanapohofia mkanganyiko. Kwa hiyo dalili pekee ambayo ingemwonyesha mpanga herufi mahali pa mshono haikuwemo katika karatasi aliyopewa. Ilikuwa katika masikio ya watu waliomsahihisha.

Karatasi mbili za babu

Karatasi ya Machi 1957 ina makosa manne ya kukata maneno yaliyozungushiwa wino mwekundu. Matatu kati yake ni haya: «a-mbtelijk», «la-nden» na «ki-nderen». Nilipoyaona mara ya kwanza nilicheka, kama wajomba. Kisha niliyasoma kwa sauti, nikaacha kucheka.

Ukimpa mzungumzaji wa Kiswahili neno lenye «mb» au «nd» katikati, ataikata wapi? Tunasema ki-ta-mbo, ka-nda, a-mba-ye. Katika lugha zetu sauti hizo mbili zinazoanza na ya puani ni kitu kimoja, na silabi huishia kwenye irabu. Kisanga, lugha ya mama ya babu, nacho kina mwendo huohuo. Kwa hiyo la-nden na ki-nderen hazikukatwa ovyo. Zimekatwa kwa kanuni kamili, isipokuwa ni kanuni ya Kibantu. Hata a-mbtelijk, ambayo kwa macho ya Mzungu ni kituko, ina mantiki ileile: «mb» haipasuliwi.

Kosa la nne ni «gezo-ndheidsdienst», idara ya afya, ambayo ilipaswa kuwa gezond-heids-dienst. Hapa tena ile «nd» imebaki pamoja. Makosa manne, kanuni moja. Mtu asiyejua kitu hukosea kwa namna nyingi. Mtu anayekosea kwa namna moja tu anafuata sheria fulani.

Karatasi ya Septemba ndiyo iliyonishangaza. Ndani yake neno «landen» linatokea tena mwisho wa mstari, na safari hii limekatwa lan-den. «Kinderen» imekatwa kin-deren. «Ambtelijk» imekatwa amb-telijk. Hakuna wino mwekundu hata mahali pamoja juu ya maneno hayo. Katika miezi sita babu alikuwa amejifunza kanuni ya pili na ya tatu bila mwalimu. Nilipomuuliza alijifunzaje, alisema alikuwa akitazama karatasi zilizosahihishwa na kukariri mahali wino ulipohamishia kistari.

Kosa lililozungushiwa ni moja tu, limepigiwa mistari miwili: «arbeid-sovereenkomst».

Litazame vizuri kosa hilo. Konsonanti mbili, «d» na «s», zimetenganishwa, moja imebaki na nyingine imekwenda. Hiyo ndiyo kanuni ya pili ya Kiholanzi, imetumiwa bila dosari. Mwezi Machi babu alikosea kwa sababu alifuata Kiswahili. Mwezi Septemba alikosea kwa sababu alifuata Kiholanzi, lakini akakutana na kanuni ya nne ambayo haionekani kwenye herufi. Ili aujue mshono, ilimbidi ajue kwamba «overeenkomst» ni neno linalojitegemea, au awe amewahi kumsikia mtu akilitamka. Hakuwahi. Wiki chache baadaye aliondolewa mezani. Neno lililokuwa kosa lake la mwisho lilimaanisha mkataba wa kazi.

Tahajia ambayo haikutulia

Inaweza kusemwa kwamba kila fundi ana wajibu wa kujua kanuni za kazi yake, ziwe ngumu au rahisi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kanuni zenyewe zingekuwa zimetulia. Hazikuwa hivyo.

Uholanzi ilipata tahajia yake ya kwanza ya kiserikali mwaka 1804, iliyotungwa na Matthijs Siegenbeek, profesa wa Leiden. Ubelgiji ilipojitenga ilichukua njia yake, na mwaka 1844 ikakubali mfumo uliotoka kwenye tume iliyoongozwa na Jan Frans Willems. Mwaka 1863 wanaisimu Matthias de Vries na Lammert te Winkel walichapisha misingi ya tahajia mpya, kwa ajili ya kamusi kubwa ya lugha hiyo. Ubelgiji iliipokea mwaka 1864, Uholanzi ikachelewa hadi 1883. Tangu hapo pande mbili zikaandika kwa namna moja, lakini malalamiko hayakuisha. Mwaka 1891 R. A. Kollewijn aliandika makala akidai kwamba tahajia hiyo inawatesa watu bila faida.

Mageuzi yalianza mwaka 1934 katika shule za Uholanzi chini ya waziri Marchant. Yakathibitishwa Ubelgiji mwaka 1946 na Uholanzi mwaka 1947. Irabu zilizoandikwa mara mbili katika silabi wazi zikapunguzwa, na «sch» isiyotamkwa kikamilifu ikawa «s». Mabadiliko hayo yaligusa moja kwa moja mahali pa kukata. Neno la mishahara lilikuwa «loonen», likikatwa loo-nen. Likawa «lonen», likikatwa lo-nen. Watu walikuwa «menschen», men-schen. Wakawa «mensen», men-sen. Lakini kiishio «isch» kiliachwa kama kilivyokuwa, ndiyo maana «Vlaamsch» ikawa Vlaams, ilhali «Belgisch» imebaki vilevile mpaka leo.

Babu alipoanza kazi, mabadiliko haya yalikuwa na umri wa miaka 10 tu. Anakumbuka kwamba kiwandani palikuwa na vielelezo vya fomu za zamani vilivyofungwa kwa kamba, na kwamba wapya waliambiwa wavitazame ili wajifunze. Kama vilitoka miaka ya 1930, vilifundisha loo-nen na men-schen. Mwanafunzi mwenye bidii angekariri jambo lililokwisha kufutwa.

Mwaka 1954 nchi hizo mbili zilitoa orodha rasmi ya maneno, ambayo kwa sababu ya rangi ya jalada lake inajulikana kama Kitabu cha Kijani. Nayo haikuumaliza mjadala. Sehemu iliyosumbua zaidi ni herufi za kuunganishia katika maneno ambatani. Chapati ya kikaangio iliandikwa «pannekoek», pan-ne-koek, mpaka mageuzi ya 1995 yalipoigeuza kuwa «pannenkoek», pan-nen-koek, ingawa wengi hawaitamki hiyo «n». Mwaka huohuo bata wa baharini, aliyeandikwa «zeeëend» kwa alama ya nukta mbili, akapewa kistari: «zee-eend». Marekebisho mengine yakatolewa 2005 na kuanza kutumika 2006. Safari hiyo baadhi ya vyombo vya habari vya Uholanzi vilikataa, vikafuata orodha nyingine iliyoitwa Kitabu Cheupe.

Sitaji haya ili kuwacheka Waholanzi. Kila lugha iliyoandikwa ina historia ya kubishana na yenyewe, na Kiswahili chetu kilipitia mabishano ya lahaja na tahajia katika miaka ya 1920 kabla ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wenye lugha walijiruhusu kukosea, kurekebisha na kubishana kwa miaka 200. Babu aliruhusiwa miezi sita.

Pingamizi moja

Mhadhiri wangu aliposoma rasimu ya kwanza alinionya. Alisema karatasi mbili haziwezi kuthibitisha nia ya msimamizi, na kwamba huenda kistari kilikuwa kisingizio tu. Katika koloni, Mwafrika aliweza kushushwa cheo bila sababu yoyote ya kisarufi. Ninakubali onyo hilo. Siwezi kusema kilichokuwa moyoni mwa mtu ambaye simjui. Lakini kisingizio nacho ni cha kuchunguzwa. Kikisemwa kwa lugha ya elimu, yule aliyeonewa hukibeba kama kweli. Babu hakuwahi kusema, «Walinionea.» Alisema, «Sikujua.» Ni maneno hayo ndiyo ninayoyapinga hapa, na kwa kuyapinga karatasi mbili zinatosha.

Tena jambo hili halijaisha. Tukiandika insha zetu kwa kompyuta iliyowekwa kanuni za Kifaransa au Kiingereza, mashine hukata maneno yetu kitam-bo, wan-afunzi, kin-da. Inafanya kwa Kiswahili kile ambacho babu alikifanya kwa Kiholanzi: inatumia kanuni za nyumbani kwake ugenini. Tunarekebisha kwa mkono na kuendelea. Hakuna anayesema mashine haina akili.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kukata neno refu la Kiholanzi kunahitaji kujua mshono wake, na mshono hujulikana kwa maana na kwa mkazo, vitu ambavyo havikuandikwa kwenye karatasi. Pili, makosa ya mpanga herufi mmoja wa Elisabethville yalifuata utaratibu: kwanza wa lugha zake, kisha wa Kiholanzi chenyewe, ambacho alikuwa anakisoma peke yake kwa kutazama wino mwekundu. Tatu, tahajia aliyohukumiwa kwayo ilikuwa bado inatafuta njia yake. Jibu la swali langu basi ni hapana. Mtu aliyekuwa mahali pake asingeweza, na alikaribia kuweza kuliko alivyoambiwa.

Nilipomaliza kuandika nilikwenda kwa babu, ambaye nyumbani tunamwita nkambo, nikamsomea sehemu ya karatasi mbili polepole, kwa sababu macho yake hayasomi tena. Aliniomba nirudie kipande cha arbeid-sovereenkomst. Kisha akauliza, «Na wale waliokuwa wanasahihisha, walijifunza wapi mahali pa kukata?»

Nikamjibu kwamba hawakujifunza mahali, walisikia kwa mama zao.

Alikaa kimya kidogo, akafunika kopo la biskuti. «Njo vile,» akasema. «Mimi mama yangu alinifundisha Kisanga.»